Mtu wa Tatu Chumbani

Ndugu zangu wa Handeni, Bwana asifiwe, maana nasimama hapa nikiwa mzima! Wengi mnanijua, mimi ni binti wa yule mama auzaye mihogo pale Mkata.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya utabibu, Korogwe. Mafunzo ya vitendo tuliyafanyia wodini, chini ya daktari aliyeamua nani afaulu. Alianza kwa mzaha. Aliniita mke mdogo mbele ya wagonjwa. Mzee mmoja akauliza ng'ombe wa mahari wako wapi, wodi nzima ikacheka. Baadaye ukaja mkono begani, kisha kiunoni. Mwishowe akaniambia nifike ofisini kwake jioni, peke yangu, la sivyo nitarudia mwaka.

Ndugu zangu, kwangu kurudia mwaka kulikuwa ni kuacha chuo. Wenzangu walisema nivumilie, wengi wamepitia. Nilifunga na kuomba.

Asubuhi ya siku niliyoitwa, daktari yule alitufundisha kumpima mjamzito. Kabla ya kumgusa, alimwita muuguzi wa kike asimame ndani ya pazia. Ndiyo desturi ya kazi yetu: mwanamume hampimi mwanamke wakiwa wawili tu. Alisema mtu wa tatu humlinda mgonjwa, na humlinda daktari pia. Pale pale nikajua Bwana amenijibu.

Nilimfuata yule muuguzi, Mama Mwanahamisi, mama wa Kiislamu. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Hakuniuliza nilivaa nini. Alivua glavu, akanawa mikono, akasema, "Twende wote, mwanangu."

Jioni tuliingia ofisini kwa daktari. Mama Mwanahamisi akavuta kiti, akaketi. Daktari akamwomba atupishe, ati ni mambo ya masomo.

Nikasema: "Daktari, umetufundisha leo. Huyu ndiye mtu wa tatu."

Akatuambia twende.

Kesho yake Mama Mwanahamisi alinisindikiza chuoni kutoa taarifa. Wale walioniambia nivumilie nao wakaja kusema yao. Daktari yule aliondolewa kwenye mafunzo, nami nikatahiniwa na mwingine. Nikafaulu!

Leo nahudumu kwenye zahanati huko Kang'ata, na wanafunzi wa vitendo huletwa kwangu. Binti yangu unayenisikia, kama kuna mlango unaoitiwa peke yako, mtumaini Bwana, kisha uje unichukue. Nitakuja na kiti changu.