Nuzha Samawi, Aliyewasha Tanuri Mara Moja

Marehemu Nuzha binti Ayub, Mama Fadul kwetu sote, alizaliwa hapa Deir Lawza, milima ya Ajlun, tarehe 14 Septemba 1941, akabatizwa katika kanisa Katoliki la mtaa wa juu. Mimi ninayesoma ni Najib, mtoto wa kaka yake Shukri. Kwangu alikuwa shangazi, na sitajifanya kumzungumzia bila majivuno.

Alisoma shule ya parokia kuanzia 1948 hadi 1954. Kwenye hesabu aliwashinda wavulana wote, baba yangu akiwemo, na hakuacha kumkumbusha.

Tarehe 9 Septemba 1962 aliolewa na marehemu Tawfiq Samawi, Mworthodoksi wa mtaa wa chini, akahamia kanisa la mumewe kama ilivyo desturi yetu. Pasaka ya kwanza iliangukia siku moja kwa makanisa yote mawili, na kaka yake akaja kula. Mwaka uliofuata zikapishana wiki tano. Shukri akasema, "Pasaka ya watu wengine siijui," wala hakukanyaga. Ikawa hivyo kila zilipopishana. Shangazi alimwekea sahani kila mara, na kila mara aliirudisha kabatini akilia.

Kazi yake ilikuwa tanuri. Tawfiq alilijenga mwaka 1965, na kijiji kizima, juu na chini, kilileta mikate na vileja vya tende vya Pasaka kuokwa kwake. Februari 1976 akatangaza kwamba mwaka huo vileja vya Pasaka vitaokwa siku moja tu.

"Wifi, umerukwa na akili?" dada wa mumewe akamuuliza. "Siku gani sasa, yetu au yao?"

"Mtakayokubaliana. Mkishindwa, kuleni unga."

Mapadre wote wawili walimjia mchana mmoja, kila mmoja akidhani atamkuta peke yake.

"Mama Fadul, tanuri si kanisa," alisema yule wa mtaa wa juu.

"Ndiyo maana linapokea watu wote, Padre. Kaeni, chai iko tayari."

Walikaa mpaka alasiri. Baada ya wiki tatu za vikao vya wazee, Wakatoliki walikubali Pasaka ya Waorthodoksi, na Waorthodoksi wakakubali Krismasi ya Wakatoliki. Tunafanya hivyo hadi leo. Tarehe 25 Aprili 1976 baba yangu alikwenda kula kwa dada yake, nami nikiwa na miaka tisa.

"Shemeji, umechelewa," Tawfiq alimwambia. "Nyama imepoa."

Figo zilimsumbua Shangazi tangu 2021. Hospitalini mjukuu wake Yara alimuuliza kama ni kweli zamani kijijini kulikuwa na Pasaka mbili. Alicheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha watoto wanne, Fadul, Rima, Nabil na Hind, wajukuu kumi na wanane, na kaka yake Shukri, mwenye miaka 86. Baba ameniagiza nisome maneno yake kama alivyoyasema. Nilikataa mara mbili kabla ya kukubali:

"Padre hakunizuia kwenda kwa dada yangu. Mke wangu hakunizuia. Nilikaa nyumbani nikinusa nyama yake, nikajiita muumini. Andika hivyo, mwanangu, watu wasikie wakati yeye bado yuko hapa juu ya ardhi."

Tumesikia, Baba.

Bwana wetu mmoja ampumzishe kwa amani.