Bi Barke na Mtungi Uliojaa

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: kosa la pekee lililomo katika jalada la Bi Barke Stambuli si lake. Ni langu.

Bi Barke anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia bohari letu la makontena hapa Changamwe kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kama mpiga chapa. Seva, kompyuta kuu ya ofisi, ilipoletwa alikabidhiwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hapotezi karatasi. Tangu hapo, kila asubuhi huigusa mgongo na kuiuliza, "Umeamkaje, bibi?" kabla hajaitikia shikamoo zetu. Niliionea wivu seva.

Shaza wa Magogoni nilimwonea wivu zaidi. Tuliingia wiki moja, mwezi Juni, wanagenzi wawili tuliomaliza shule. Yeye aliitwa "mwanangu". Mimi nilikuwa "wee Sumeya". Shaza huuliza maswali. Mimi hata nikiulizwa, sauti hunikimbia.

Bi Barke ndiye aliyetunza fayawoli, ule ukuta unaozuia wasioalikwa kuingia kwenye seva. Fayawoli huandika kila anayebisha hodi, na wabishaji hawaishi. Mwezi Oktoba faili lake la kumbukumbu lilivimba hadi likaijaza seva. Stakabadhi za lango zikakataa kutoka, malori yakapanga foleni hadi mtaa jirani wa Mikindani. Bi Barke alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Shaza alikimbilia langoni, akaacha kompyuta yake wazi. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuitwa mwanangu. Nikalifuta faili lote.

Faili lilitoweka, lakini seva ikabaki imejaa vilevile. Na kumbukumbu za miezi mitatu, ambazo wakaguzi walikuwa wakizisubiri, zikapotea.

Meneja wetu, Bwana Aidarus, alipouliza ni nani, macho yote yalimgeukia Shaza. Nami nikamtazama, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulifurahi kidogo.

"Ni mimi," akasema Bi Barke.

"Wewe? Wallahi siamini."

"Uzee, bwana. Andika barua yako, mimi nina malori ya kuyatoa."

Ikaandikwa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake.

Baadaye aliniita, akanirudishia miwani yangu. Nilikuwa nimeisahau kwenye meza ya Shaza.

"Mtungi ukijaa hauvunjwi," alisema. "Fayawoli bado ilikuwa imelishika faili lile. Wewe hulioni, yenyewe yaendelea kulijaza. Teka ya kuweka, mwaga yaliyobaki, mtungi uuache pale pale."

Alinionyesha namna. Siku hizi kila Ijumaa seva yenyewe hunakili kumbukumbu, huzibana ziwe ndogo, kisha hulimwaga faili. Foleni ile haijarudi.

Nywila, neno la siri la kuingilia seva, amekabidhiwa Shaza, na bado naona wivu. Nawaonea wivu hata ninyi wafanyakazi wenzangu mliokuwa naye miaka yote hiyo, mimi nikapata miezi mitano. Ila siku ile ya miwani, nilipoanza kulia, alinipa leso yake.

"Futa machozi, mwanangu," alisema. "Hayo ndiyo ya kufuta."

Ahsante, Bi Barke. Tunakuombea afya na asubuhi za raha huko Timbwani, na wa kukuitikia kila unapouliza umeamkaje.

Bwana Aidarus, barua ile naomba ihamie jalada langu. Ninyi wengine, aliniapisha nisiseme. Tafadhali, akiwauliza, mwambieni ukurasa huu wa kumuaga hamkuusoma.