Papa Vénérand na Jeti Iliyomla Masikio

Ndugu wapendwa, anayelala mbele yetu ni kaka yangu, Papa Vénérand Kalonda. Alizaliwa Likasi tarehe 14 Machi 1949, akasomea umekanika katika chuo cha ufundi cha Lubumbashi, akamaliza mwaka 1970.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya migodi ilimpa kazi ya kutunza jeti ndogo ya kubebea wakubwa wake, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Hadi uzeeni aliisifu kama mtu anayesifu mchumba. Wateja wa saluni ya mkewe hapa Glenwood, Durban, wanamkumbuka akiwatengenezea mashine za kukaushia nywele huku akihubiri: "Maman, mabawa yake walitoa kwa plan ya avion, ndege ya vita! Iko na moteur mbili kwa mukia, na réservoir, tangi ya mafuta, kwa ncha ya kila bawa. Ndani hauwezi simama, unainama. Lakini kupanda juu, eish!"

Habari ya kelele hakuwasimulia. Injini zile zilipiga yowe la kupasua kichwa, na msimamizi wake aliwacheka waliovaa vizibo vya masikio. Fundi wa kweli, alisema, husikiliza injini kwa masikio matupu. Papa alisikiliza hivyo miaka kumi na minane. Msimamizi mwenyewe alikaa ofisini, mlango umefungwa, akastaafu anasikia vizuri. Simsamehe.

Papa alimwoa Maman Julienne mwaka 1975, wakahamia Durban mwaka 2004. Kufikia hapo alikuwa hasikii hata mlango ukigongwa.

Tarehe 6 Agosti 2013 kifua kilimbana, wakaenda kliniki. Julienne aliwaeleza watu wa mapokezi kwamba mzee hasikii. Alipotoka kumtafutia maji, jina likaitwa kwa kipaza sauti. Papa alikuwa amekaa pale pale, anatazama mlango wa daktari. Wakampita. Julienne aliporudi aliambiwa, "Tumemwita, hakuitika. Rudini mwisho wa foleni." Papa alikata roho kwenye benchi, akingoja.

Juzi mkubwa wa kliniki alituambia kwamba mgonjwa hakuwepo. Alikuwepo! Amevaa koti lake la kanisani, alikuwepo!

Ameacha mjane, Julienne, watoto Prodige na Cathy, wajukuu wanne, nami mdogo wake Josias ninayesoma haya kwa hasira. Mungu ampe pumziko. Na wewe unayekaa mapokezi popote pale, ukiita mtu asiitike, inuka kwenye kiti chako ukamguse bega.