Mama Mshale Anakabidhi Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutugombeza, Mama Mshale, mtunza chumba cha baridi cha taasisi yetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Uongozi umeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa mama huyu amenichosha.

Kwa wasomaji wageni: chumba hicho kina mabomba elfu mbili ya tope lililochimbwa chini ya bahari. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la kale. Ndani yake mna maganda ya viumbe wadogo yanayotuonyesha bahari ilikuwa na joto kiasi gani, na vijiwe vilivyodondoshwa na mapande ya barafu yaliyokuwa yakielea. Hapo kale, mabamba makubwa ya barafu yaliyofunika nchi kavu yalipoyeyuka, maji yake yasiyo na chumvi yalitanda juu ya bahari na kudhoofisha mzunguko unaosafirisha joto. Kaskazini kukapoa, kusini kukapata joto. Kisa chote hicho ni bure kama hujui upande upi wa bomba ni wa juu.

Ndiyo maana Mama Mshale alichora mishale, mitatu kwa kila bomba, kwa kalamu nyekundu asiyomwazima mtu. "Juu ni wapi?" alimuuliza kila aliyeingia, hata mkurugenzi, ambaye siku moja alirudishwa mlangoni kwa kukosa koti. Fundi wa majokofu aliulizwa akiwa amebeba ngazi. Mumewe analalamika kwamba hata kopo la sukari nyumbani lina mshale.

Miaka tisa iliyopita meli ilileta shehena mpya, nami kwa haraka zangu nikachora mshale mwenyewe. Miezi sita baadaye nilikuwa na makala ya kutikisa dunia: eti bahari ilipoa kwanza, ndipo barafu ikamomonyoka. Mama Mshale akakataa kusaini fomu ya sampuli, na bila fomu makala haiendi popote. Alishikilia kwamba mshale wangu umegeuka. Nikamwambia aangalie majokofu yake. Wiki mbili tukawa paka na panya, hadi nikaenda kumshtaki kwa mkurugenzi.

Kesho yake akaniita, akanivika koti, akaniambia nibonyeze kidole upande niliouita chini. Kikazama chote. Tope la juu ndilo laini, la chini limeshindiliwa maelfu ya miaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Kisa kizima nilikuwa nimekisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Niliiondoa makala kimyakimya. Yeye alichora mishale mipya, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyopita nililichukua faili lake masijala ili niandike wasifu huu. Mna barua nne za pongezi na moja ya onyo, ya mwaka ule ule: amechelewesha kazi ya mtafiti bila sababu. Alipotakiwa kujieleza, alijibu kwa mstari mmoja kwamba ucheleweshaji ulitokea kwake na anaomba radhi. Jina langu halimo. Kwa barua hiyo alinyimwa cheo mwaka uliofuata, nasi tukabaki tunashangaa. Mtu anayetufokea kwa mlango ulioachwa wazi, siku aliyokuwa na kila haki ya kufoka, akanyamaza! Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

Uongozi uliniomba furaha, nami nauomba haki: onyo hilo litoke kwenye faili lake kabla ya Ijumaa, liwekwe kwenye langu.

Asante, Mama Mshale. Mapumziko yako yawe marefu na yenye joto, baridi imekutosha. Barua nimeirudisha masijala leo asubuhi. Nimeandika jina langu pembeni na kuchora mishale mitatu inayolielekea, kwa kalamu yako nyekundu. Samahani, niliichukua bila kuomba.