Mfereji Aliouchimba Nyayo

Kaka yetu, fundi bomba mliyezoea kumwita Nyayo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1975, akatoka bila cheti cha maana, ufundi akajifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa idara ya maji, na jina la Nyayo alilipata huko, kwa kuwa alivua buti akakanyaga tope pekupeku ili asikie bomba linavuja wapi, wenzake wakimtania kwamba mshahara ulipwe miguu. Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa mabinti wawili.

Familia haipambi maneno mbele ya jeneza: Juni 2009 ni yeye aliyechimba mfereji wa kukausha kinamasi kilichokuwa juu ya mtaa wetu, tukashangilia, tukajenga. Panya walioishi kwenye matete wakahamia kwenye dari zetu, na bakteria wa kwenye mkojo wao, ambao zamani waliishia kwenye tope lisilokanyagwa na mtu, wakaanza kuteremka na maji hadi milangoni. Mkewe, aliyekuwa akifulia maji hayo, alifariki tarehe 21 Aprili 2017, macho yakiwa ya njano.

Daktari alipomweleza kwamba bakteria hao huingia kupitia ngozi iliyolowa maji hayo, kaka hakubisha. Miaka saba alipeleka barua ofisini akiomba mfereji uzibwe, matete yaote tena, wakamwambia mzee nenda kapumzike. Tarehe 3 Aprili 2024 aliingia mferejini mwenyewe na mifuko ya mchanga, binti yake mkubwa akamfuata na buti, naye kaka akamjibu, "Mwanangu, nikivaa hizo sitasikia maji yanapopita." Aliziba, kesho yake idara ikazibua. Homa ilimshika tarehe 12, figo zikagoma, akafariki wodi ya wanaume tarehe 19, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukaa naye, na wafanyakazi wenzake, hata wale walioondoa mifuko, maana walitumwa. Mfereji uko wazi, asubuhi hii tumeuvuka na jeneza, na wengi wenu mlivua viatu visilowe.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi tunarudi kwa njia ileile.