Mama Viki na Ubao wa Tatu Wanastaafu

Uongozi wa Kikundi cha Sanaa Mlimani, Njoro, unapenda kuwatangazia wanachama, majirani na wapenzi wote wa sanaa kwamba ubao wa tatu wa jukwaa letu, ukihesabu kutoka kushoto, umeondolewa rasmi kazini baada ya utumishi wa miaka kumi na miwili. Umeoza. Wale waliozoea kusimama juu yake wakati wa kuimba wanaombwa kuhamia ubao wa nne.

Katika hafla hiyo hiyo, leo Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, tunamuaga pia Bi. Mektrida Kessy, Mama Viki, aliyelitumikia jukwaa hili, na kabla yake kamera, kwa miaka ishirini na miwili. Tumeanza na ubao si kwa kukosa adabu. Habari zao ni moja.

Mama Viki alizaliwa Kibosho mwaka 1965. Aliolewa na Mzee Ronald, sasa marehemu, wakashuka Njoro na kufungua kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, chenye mabenchi manne chini ya mparachichi. Mbege yake ilikuwa na jina. Wajuzi walisema ulezi wake umeota sawasawa, na msesewe, lile gome chungu linaloipa mbege ukali, aliutia kwa kipimo cha mtu mwenye akili. Watu walitoka Sanya Juu siku ya soko wakapita Njoro kwanza, wakafika kwao wakiwa wamesahau walichoenda kununua.

Alijiunga na kikundi mwaka 2003 kama mpishi wa chai ya mazoezini. Wiki ya pili mwigizaji mmoja hakufika, Mama Viki akaombwa asimame mlangoni aseme neno moja tu, "Karibuni." Akasema. Mwongozaji wetu, Wenseslaus, alidondosha daftari. Tangu siku hiyo chai tunachemsha wenyewe, na haijawahi kuwa nzuri tena.

Mwaka 2005 kikundi kilipata bahati ya kutengeneza tamthilia ya televisheni. Wengi wenu mnaikumbuka. Ilihusu mjane anayeitwa Mama Aikande, ambaye shemeji yake, Ngilisho, anataka kumfukuza kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na mumewe. Mama Viki alikuwa mjane. Shedrack, kijana mpole wa Machame ambaye hata kuchinja kuku humwita jirani, alikuwa shemeji. Katika sehemu ya arobaini na moja, Mama Aikande anamkaribisha shemeji mbege, na mbege ile ina sumu.

Hapo ndipo Wenseslaus alipokwama. Kila mtu wa mlimani anajua kwamba anayekaribisha mbege huonja kwanza, mbele ya mgeni, ndipo ampe kata, kibuyu cha kunywea. Ndiyo dhamana yenyewe. "Mama Viki," alisema, "nani huku kwetu atakunywa mbege ambayo mwenye nyumba hajaonja? Watatucheka hadi Rombo."

Mama Viki alifikiri kidogo, akachukua kata. "Basi naonja," akasema. Akaonja, akameza, akatabasamu, kisha akaigeuza kata kumpa Shedrack, na katika kuigeuza kidole gumba kikazama kwenye povu mara moja tu, kama mtu anayetoa mdudu. "Sumu iko kwenye kucha."

Wenseslaus akapiga kelele, "Hiyo hiyo! Usibadilishe hata kidogo!" Tulimpigia makofi. Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba ubunifu mkubwa kuliko wote katika historia ya kikundi hiki ulikuwa wa Mama Viki mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha.

Sehemu ya arobaini na moja ilirushwa Jumanne. Jumatano mabenchi mawili ya kilabu yalikuwa matupu. Kufikia Jumapili waliobaki walikuwa wanaulizia soda, na kilabu hakikuuza soda. Mama Viki alionja kwanza kwa kila mteja, kama alivyofanya siku zote, na kadiri alivyoonja ndivyo walivyoogopa. Angeonja vipi tena? Alikuwa amewaonyesha kwa mikono yake mwenyewe kwamba kuonja si kitu. Mwaka 2007 kilabu kilifungwa. Mparachichi upo mpaka leo.

Alikata kucha hadi nyamani na hakuziacha ziote tena. Kwa ajili ya kamera tulimnunulia kucha ya bandia, inayotunzwa ndani ya kiberiti kwenye sanduku la mavazi. Haikusaidia mtaani. Sokoni wauza maziwa walinong'onezana kwa sauti ambayo yeye alitakiwa aisikie: "Mama Aikande huyo, funika ndoo." Watoto wa Njoro walimwamkia vizuri, shikamoo bibi, huku wamekunja vidole gumba ndani ya ngumi.

Mzee Ronald alifariki mwaka 2016. Siku ya arobaini, baada ya misa, mjane alipika mbege mwenyewe kwa mikono yake, kwa sababu marehemu alikuwa hapendi ya mtu mwingine. Wazee wa Kibosho walikaa kwenye mzunguko. Akaonja kwanza. Hakuna aliyemtazama mdomo. Wote walitazama kidole. Kata ikazunguka, ikarudi imejaa ilivyokwenda. Migomba ya nyuma ya nyumba mwaka ule ilizaa mikungu mikubwa sana.

Binti yake, Victoria, alipoolewa Machame, mama wa bwana harusi, Bibi Elisifa, alikuja Njoro kwa heshima zote na zawadi ya kitenge. Aliomba kwamba siku ile Mama Viki apumzike, asiguse vyombo, mbege itapikwa na wengine. "Sisi hatuna neno na wewe, mama," alisema. "Ni watu tu." Kwenye harusi Mama Viki alikaa meza ya mbele, mikono mapajani, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. Keki alilishwa. Yeye hakuombwa kulisha.

Turudi kwenye kazi. Mwaka 2013, televisheni ilipokuwa imeshatuchoka, tuliigeuza tamthilia ile kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Wapo waliosema mlima hautasikiliza mtu anayekufa huku anaimba. Umesikiliza kwa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi ukumbi huu umejaa, na wakati Mama Aikande anaimba wimbo wake wa kukaribisha, akizunguka jukwaa na kata, nimeona wanaume wazima wameshika magoti yao. Sauti ile haikufundishwa na mtu. Hajawahi kukosa onyesho. Alichelewa mara moja, ng'ombe wake alipokuwa anazaa, na ndama tulimpa jina la Mapumziko kwa kuwa alizaliwa watazamaji wakiwa kwenye mapumziko ya kumngoja.

Mama Viki alikuwa na sharti moja tu la kuingia jukwaani: kwenye kata iwe mbege ya kweli, na aipike yeye. Wenseslaus alipendekeza uji. "Uji hauna povu," akajibiwa, na mjadala ukafungwa. Basi kila wiki alipika chungu kimoja kidogo kwa ajili ya Shedrack. Kila Jumamosi Shedrack alipokea kata, akainua, akameza kwa sauti, akafuta mdomo, akaimba beti mbili, akafa. Nyumbani, majirani walipomuuliza kwa nini bado anahangaika na ulezi, Mama Viki alikuwa na jibu lililomtosha: "Shedrack anakunywa."

Mwezi Machi mwaka huu fundi Mathew alikuja kutazama kwa nini jukwaa linabonyea upande wa kushoto. Aling'oa ubao wa tatu, ule ulio nyuma ya kigoda cha shemeji. Ulikuwa laini kama kiporo. Mathew akaunusa, akaunusa tena, akauliza kwa nia njema kabisa, "Nani anamwaga mbege hapa?"

Tulikuwa watu saba ukumbini. Mama Viki alikuwa anakunja kanga. Shedrack akatazama viatu vyake.

"Mae, mama yangu, usikasirike," akasema mwishowe. "Mimi nakufa kila Jumamosi. Niliogopa siku moja nisije nikafa kweli."

Mama Viki aliuangalia ubao. "Kumbe mteja wangu alikuwa huyu," akasema. Akamaliza kukunja kanga, akaenda nyumbani. Jumamosi iliyofuata alikuja na chungu kama kawaida, akaimba kama kawaida, akampa Shedrack kata na kumgeuzia mgongo mapema kidogo kuliko inavyotakiwa, ili amwage bila kuhangaika. Watazamaji hawakugundua. Mimi niliyekaa pembeni na makaratasi ya maneno niliona, na naandika hapa kwa sababu sijui kama kuna adabu kubwa zaidi ya hiyo iliyowahi kufanyika juu ya mbao zetu.

Nafasi yake inachukuliwa na Hellen, binti mwenye kipaji na maneno ya Dar. Alipokabidhiwa kiberiti chenye kucha alisema, "Mama, mimi hii naiogopa, mtaani watanimaindi." Mama Viki akamwonyesha jinsi ya kuibandika, kisha akampa somo la mwisho: "Pale kwenye kidole, mwanangu, fanya vibaya kidogo. Mtu aseme, aa, anaigiza tu." Hellen amefanya mazoezi wiki tatu ya kufanya vibaya kidogo. Wenseslaus anasema bado ni mzuri mno.

Mwaka 2018 tulimtunuku Mama Viki cheti cha shukrani, kwa bahati mbaya kikaandikwa jina la Mama Aikande. Cheti cha leo kimeandikwa Mektrida. Tumekisoma mara tatu.

Kamati ilimuuliza angependa zawadi gani, godoro au jiko la gesi. Akasema hataki kitu. Aliomba apike mbege ya kumuaga mwenyewe, kila mtu anywe kata moja kutoka mkononi mwake, basi. Alivundika ndizi, akaotesha ulezi, akaupanda mlima mwenyewe kutafuta msesewe. Jana pipa lilifika ukumbini kwa toroli, na harufu yake, kwa anayeijua kazi hii, ni ile ile ya mwaka 2003. Kamati ilikaa kikao kirefu. Kila aliyesimama alisema yeye binafsi hana neno, ni watu tu. Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba ombi limekubaliwa na kata ya kwanza apewe Shedrack. Asubuhi hii Shedrack ametuma ujumbe kwamba yuko kwenye dozi.

Mama Viki, umetupa miaka ishirini na miwili, sauti yako, na jina lako zuri, na hili la mwisho hatukujua tunalichukua. Asante. Nenda ukapumzike, migomba ikuzalie, Mapumziko akupe maziwa, na wajukuu wa Machame waje wale kwako mpaka washindwe kunyanyuka.

Mbege itagawiwa saa nane mchana. Mama Viki ataonja kwanza. Soda zimeshaletwa, za kutosha watu wote.