Jina la Huyu, Pahali pa Yule

Ndugu zangu, bapapa na bamama, naomba munivumilie. Wengi wenu mumekuja katika kundi hili la kufarijiana juu mulipoteza mutu. Mimi nimekuja juu mwenzangu alipoteza wake kwa mukono wangu. Sitataja jina la mutu. Langu linatosha, na hilo munalijua.

Mbele ya vita nilikuwa nafundisha ordinateur, yaani kompyuta, hapa mjini. Siku zile sita mabomu yalipotuangukia, watu wa mutaa wa Tshopo walikimbia, wengi wakashika barabara ya Bengamisa, na watoto wakapotelea njiani. Bunduki ziliponyamaza, parokia ilifungua ofisi ya kutafuta familia. Muzazi aliyepotewa alijaza fiche, karatasi ya majina na habari za mutoto; mutoto aliyeonekana peke yake alijaziwa yake. Kazi yangu ilikuwa kuingiza fiche zote katika ordinateur, na programu ilinganishe, ituonyeshe nani iko wapi.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Maandishi yake yote yalikuwa wazi, mutu yeyote aliruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Ilitumika muzuri miezi mingi. Kisha courant ya umeme ikaunguza ordinateur. Tukapata ingine, na ndani yake kulikuwa compilateur ya kipya. Compilateur, kwa wasiojua, ndiyo inageuza yale mutu ameandika kuwa amri ambazo mashine inafuata. Ile ya kipya ilikataa. Kila nikijaribu kujenga programu, inasimama katikati: kosa. Nikirekebisha mustari mumoja, kosa lingine linatokea. Wiki mbili zilipita hivyo, na inje kwenye baraza watu wanakaa tangu asubui, wananiangalia kupitia dirisha.

Padri aliuliza, "Mama, bado?"

"Bado kidogo, mon père."

Nilikuwa na haya. Wote walijua nimesoma. Donc siku moja nikafuta mistari yote iliyoleta makosa, na maonyo nikayazima yasionekane tena. Programu ikajengeka. Ilikuwa na majaribio yake ya kuipima. Nikayaendesha, na matatu yakaanguka. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: niliona yameanguka. Nikayafunga, nikatoka kwenye baraza, nikasema, "Bon, iko tayari."

Watu wakapiga mikono.

Nikaanza kusoma orodha iliyotolewa na programu. Kulikuwa papa mumoja anayetafuta binti wake. Nikamwambia, "Papa, binti yako iko Bengamisa, kwa familia moja karibu na soko." Alinishika mikono yote miwili. Akaomba velo ya jirani, akapiga pedali, akaenda. Nyuma yake alikuwa mama mumoja muuzaji wa pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia, "Mama, yako hakuna habari."

Papa alirudi siku ya ine. Laiti angenitukana! Alisimama mulangoni tu, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, mutoto nilimukuta," alisema. "Alisikia baba yake amefika, akatoka mbio. Akaniona, akasimama. Si wangu. Ule mutoto iko na homa kali. Anasema mama yake anauzisha pondu karibu na daraja ya Tshopo."

Nilijua ni nani.

Nilichukua fiche za karatasi, nikazilinganisha na orodha, moja kwa moja. Jina la mutoto huyu lilikuwa limewekewa pahali pa mutoto yule. Si moja, si mbili. Nikakimbia mpaka sokoni kumwambia mama. Kesho yake mapema alipanda toleka, ile velo ya kubeba watu, akaenda. Alikuta mutoto amezikwa jana yake. Kama ningesoma ukweli siku ile ya kwanza, angemukuta mutoto wake akiwa hai. Na binti wa yule papa, mpaka leo hatujamupata.

Basi nikaanguka. Nilifunga ofisi. Nikaacha kula, nikaacha kusali. Siku moja nilienda kukaa juu ya mawe ya muto Tshopo, na sikuwa nimeenda kufua nguo. Wanaonielewa wananielewa.

Niliporudi nyumbani, ni yule mama wa pondu ndiye alikuja kwangu. Hakukubali kiti.

"Nimekuja kuuliza neno moja," alisema. "Ni mashine ilidanganya, ao ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Niliona majaribio yameanguka. Nikanyamaza."

Aligeuka, akaangalia watoto wa jirani wanaocheza inje. Kisha akasema, "Basi rekebisha. Kuko bamama wengine."

Akaenda zake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Mpaka leo sijamuuliza.

Nikaandikia watu wanaotunza ile programu, watu wa inchi ya mbali ambao sijawahi kuwaona. Barua ilipita kwa simu ya satelite ya wageni wa misaada. Jibu lilichukua siku kumi na moja. Mumoja wao alieleza hivi: ndani ya programu, pahali pamoja pa kumbukumbu palikuwa panaitwa kwa namna mbili. Compilateur ya zamani ilikuwa haijali. Ya kipya inaamini kwamba namna mbili ni pahali pawili. Donc tukiandika mutoto mupya kwa namna ya kwanza, kwa namna ya pili inaendelea kusoma yule aliyetangulia, kama hakuna kilichobadilika. Alisema niongeze amri moja wakati wa kujenga, -fno-strict-aliasing, yaani kuikataza isiwaze hivyo. Neno moja tu, ndugu zangu. Nililia kwa hasira.

Nilirudisha mistari niliyofuta, nikairekebisha kwa haki, nikaongeza lile neno. Majaribio yote yakapita. Hata hivyo sikuamini. Tulisoma kila fiche kwa mudomo mbele ya orodha, na aliyeshika karatasi alikuwa yule papa. Alikuja mwenyewe, hakuna aliyemuita. Watoto wane walirudi kwao. Mimi nilifurahi kwa ajili yao, lakini kila mumoja aliporudi nilihesabu yule ambaye hakurudi.

Namushukuru ule mugeni wa mbali aliyejibu mutu asiyemujua. Namushukuru papa, aliyenisomea fiche za watoto wa wengine. Namushukuru yule mama, hata kama hataki shukrani yangu.

Somo langu ni fupi. Watu wakikungojea kwenye baraza, na wewe haujui, uwaambie, "Sijui bado." Watakunungunikia, watarudi kesho. Haya ya siku moja haiue mutu.

Ofisi itafunguliwa kesho asubui. Mwenye fiche aje aisome kwa macho yake mwenyewe, na asiyejua kusoma nitamusomea mara mbili.